"Make a fist": ngumi ya Kiingereza mkononi mwa Mchina

Kwetu Mombasa mhudumu wa maabara akikuambia "kunja ngumi", mkono unajikunja hata kabla hujafikiri. Huku Kanada husema "make a fist". Mama mmoja wa makamo kutoka Chengdu, ninayekutana naye kila Jumamosi maktabani hapa Markham tukizungumza Kiingereza, aliambiwa hivyo mpira ukiwa umeshamkaza mkono, akabaki na kiganja wazi. Neno "fist" alilijua. "Make" ndiyo iliyomzuia, kwa sababu kitenzi hicho alikijua kwa kupika chai na kushona nguo, na kwa lugha yake ngumi haitengenezwi. Ngumi hushikwa: "wò quán". Alifikiri anaulizwa jambo jingine.

Tangu siku hiyo nimelifuatilia jambo hili kwa makini, maana chanzo chake ni kirefu kuliko neno moja.

Kimandarini hupenda kutenganisha tendo na matokeo yake. "Zhuā" ni kurusha mkono ukamate. Kama ulichokirukia kimebaki mkononi au kimeponyoka, kitenzi hicho peke yake hakisemi. Ukitaka kueleza kwamba kimebaki, unaongeza "zhù", yaani kutulia, unapata "zhuāzhù". Kiswahili nacho kina njia yake: huongeza mkia kwenye kitenzi. Shika huwa shikilia. Halafu ule mkia wa -ata unaosikika kwenye kamata, fumbata na ambata, wataalamu wa lugha za Kibantu wanautambua kama alama ya kugusana na kung'ang'ania. Kiingereza hubadilisha neno zima. Kinavyo vijineno vyake, kama "on" katika "hold on", lakini mara nyingi kukaza, kuwahi, kuogopa na kupenda kila kimoja kina kitenzi chake, na hapo ndipo mwanafunzi anapochoka.

Mfano ni "clutch". Mama anayevuka kituo cha treni usiku, mkoba kaubana kifuani kwa vidole vyote, Mwingereza atasema "she clutched her bag". Hofu imo ndani ya neno. Ukisema "held", hofu imeondoka na mkoba umebaki. "Clasp" nayo ina upole: ndivyo unavyoushika mkono wa mfiwa, wako ukiwa juu ya wake. "Grab" ina haraka. "Clench" mara nyingi hukaza kiungo chako mwenyewe, ngumi, meno au taya, kwa hasira au maumivu. Hapa Mchina na Mswahili tuko pamoja, kwa kuwa kwetu ngumi hukunjwa na meno huumwa, na kwao vilevile ngumi na meno vina vitenzi viwili tofauti.

Niliposema "clutch" yule mama alinijibu kwamba hiyo ni ya gari. Ni kweli, ni klachi ile ile ya gereji zetu. Lakini Kichina huiita "líhéqì", chombo cha kutenganisha na kuunganisha. Jina hilo limeeleza kazi ya chombo na halikuacha mkono wowote ndani yake, wakati Mwingereza alikipa jina la mkono unaokamata. Nilifumbata vidole vyangu juu ya ngumi yake, nikaviachia, nikavifumbata tena. Akacheka, akalipata neno, na hajalisahau.

Kuna na sauti. Grip, grasp, grab, grapple. Clutch, clench, clasp, cling. Mwaka 1930 mwanaisimu Mwingereza J. R. Firth aliandika juu ya mafungu ya sauti kama haya yanayoelekea kubeba maana ya pamoja, akayapa jina la kitaalamu. Si kwamba maneno yote ya fungu yana asili moja: "grip" ni la Kiingereza cha kale, ilhali "grab" liliingia karne ya 16 kutoka lugha za Uholanzi na kaskazini mwa Ujerumani. Sikio la mwenye lugha ndilo lililoyakusanya. Mchina hafaidiki na msaada huo mapema, kwa sababu silabi ya Kimandarini haianzi na konsonanti mbili zilizoungana. Huchomeka irabu katikati, kama wazee wetu walivyopata gilasi na kilabu.

Neno rahisi kuliko yote kwao ni "grasp" kwa maana ya kuelewa. Wanalo tayari: "zhǎngwò", kiganja na kushika, ndiyo kulimudu jambo. Nasi tunasema mtoto ameshika somo. Lakini bahili, ambaye kwa Mwingereza ni "tight-fisted" na kwetu ni mkono wa birika, kwa Mchina huweza kutajwa bila mkono. Wao humsema kwamba hang'oi hata unywele mmoja.

Kwa hiyo ndugu zangu mnaojitolea kufundisha Kiingereza huku ughaibuni, wekeni kando orodha ya maneno mnapofika hapa. Leteni yai, mkoba wenye kamba na konzi ya mchele. Mwanafunzi ashike kwanza, aone vidole vyake vinafanya nini, ndipo mumtajie neno. Na akienda kupima damu, awe ameshaambiwa kwamba "make a fist" ni kukunja ngumi tu.