Sanaa ya ukutani: Jinsi ya kuipa sebule utulivu na hadhi

Na Mwandishi Wetu, Lembeni

UJENZI wa nyumba ni kazi ya miaka. Kwa wakazi wengi wa Lembeni, wilayani Mwanga, matofali hufyatuliwa mwaka huu, bati hununuliwa mwaka ujao, na madirisha husubiri mavuno au mshahara. Inasikitisha basi kuona kwamba jasho hilo la muda mrefu huharibiwa katika juma la mwisho, pale mwenye nyumba anapojaza kuta kalenda zilizokwisha muda, maua ya plastiki na mabango yanayong'aa, kila kimoja kikigombea jicho la mgeni.

Sebule si chumba cha kupitia tu. Ndimo washenga hupokewa, ndimo mahari hujadiliwa na ndimo wafiwa hukaa pamoja na majirani wanaokuja kuwafariji. Chumba chenye shughuli nzito namna hiyo kinahitaji kuta zinazotuliza moyo. Makala haya yanaeleza mambo ya kuzingatia unapochagua kazi ya sanaa, bila kulazimika kutumia fedha nyingi.

Tazama mwanga kabla ya picha

Lembeni ipo katika tambarare kavu chini ya milima ya Upare Kaskazini. Jua ni kali na vumbi ni jingi. Kwa kuwa eneo hili lipo karibu nyuzi 4 tu kusini mwa Ikweta, madirisha yanayotazama mashariki na magharibi ndiyo yanayopokea miale ya moja kwa moja, asubuhi na alasiri. Ukuta unaopigwa na miale hiyo haufai kutundikwa batiki wala picha ya rangi za maji, kwani rangi zake zitapauka mapema. Mahali hapo weka kitu kinachovumilia jua, kama chungu cha udongo.

Joto nalo lina ushauri wake. Rangi za buluu, kijani na kijivu hupoza jicho la mtu aliyetoka juani. Nyekundu na njano hazikatazwi, lakini zikitawala ukuta mzima, chumba huonekana kidogo na chenye joto zaidi kuliko kilivyo.

Picha moja yatosha

Somo zuri la utulivu linapatikana katika kazi za Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa mwaka 1932 wilayani Tunduru. Alianza kuchora jijini Dar es Salaam mwaka 1968, akitumia rangi za mafuta zinazong'aa juu ya vipande vya mraba vya mbao nyembamba. Katika kazi zake nyingi za mwanzo alimweka mnyama mmoja au ndege mmoja katikati, na nyuma yake akaacha rangi moja tu. Jicho halihangaiki, linajua pa kutua.

Tingatinga alifariki mwaka 1972 kwa kupigwa risasi na polisi kimakosa, lakini ndugu na wanafunzi wake waliendeleza mtindo huo, na mwaka 1990 chama cha ushirika cha wachoraji hao kikaanzishwa. Leo picha nyingi za mtindo huu zimejaa wanyama kutoka pembe hadi pembe. Ukiipenda picha ya namna hiyo, itundike peke yake kwenye ukuta mweupe. Ukitundika tatu pamoja, sebule itageuka kuwa duka.

Kuhusu maudhui, chagua jambo ambalo utakubali kulitazama kila siku kwa miaka 10. Sam Ntiro (1923-1993), mzaliwa wa Machame, alichora wanakijiji wakiwa katika shughuli zao za kawaida: kulima, kuvuna, kwenda harusini. Picha yake ya mwaka 1956, inayoonyesha wanaume wakimpelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku, imehifadhiwa katika jumba la Museum of Modern Art, New York. Maisha ya milimani kwetu, basi, si jambo dogo lisilostahili fremu.

Kimo na nafasi

Kosa la kawaida ni kutundika picha juu mno, karibu na dari. Katikati ya picha pawe takriban sentimita 150 kutoka sakafuni, sawa na macho ya mtu aliyesimama. Juu ya kochi, acha sentimita 15 hadi 20 kati ya mgongo wa kochi na fremu, na upana wa picha ukaribie theluthi mbili za kochi lenyewe.

Bandika vipande vidogo vya mbao nyuma ya fremu ili hewa ipite kati yake na ukuta. Kagua nyuma hiyo mara kwa mara, kwa sababu mchwa hupenda mahali palipofichika.

Vinyago na kazi za mikono

Kinyago kimoja cha Kimakonde juu ya meza ndogo kinaweza kukipa chumba heshima kuliko picha tano. Hata hivyo, jihadhari na mti mwepesi uliopakwa dawa ya viatu. Mpingo halisi ni mzito kiasi cha kuzama majini, na mara nyingi sehemu ya nje ya gogo huwa na rangi ya manjano iliyofifia. Futa sehemu iliyojificha kwa kitambaa chenye maji. Kikitoka na weusi mwingi, uliza maswali kabla ya kulipa. Usikiweke kinyago dirishani, kwani jua hukipasua.

Asiye na fedha ya kinyago asikate tamaa. Mkonge, ulioletwa nchini mwaka 1893 na kuenea katika ukanda huu wa reli ya Tanga hadi Moshi, hutoa vikapu na mikeka yenye rangi tulivu. Chungu kilichofinyangwa vizuri, kikiwekwa peke yake kwenye kona, ni sanaa kamili. Unapokinunua gulioni, mlipe mfinyanzi bei inayolingana na kazi yake. Akikosa soko, binti yake hatajifunza ufundi huo.

Picha za wazee waliotangulia nazo zisichanganywe na mapambo mengine. Zitengee ukuta wake, katika fremu zinazofanana, ili anayeingia azione na kuzipa heshima yake.

Mwisho, kabla ya kununua chochote kipya, ondoa vyote vilivyopo ukutani na ukae siku chache na kuta tupu. Kisha rudisha kimoja kimoja. Kile ambacho hakuna aliyeuliza kimekwenda wapi, kiache kabatini.