Raba Yaingia, Lakini Je, Bomba Litafanya Kazi?

Bwana mkulima, na wewe mama mwenye ng'ombe wa maziwa, bomba lako la mgongoni likianza kuvuja utalipeleka dukani Siongiroi, na mwenye duka atakutolea raba sandukuni akisema, "Hii yaingia kila bomba." Usikubali upesi. Huenda ikaingia kweli, lakini kuingia ni jambo moja, na kuzuia dawa ya kupe isikumwagikie mgongoni ni jambo lingine.

Zamani ng'ombe wengi wa Chepalungu walipelekwa joshoni. Majosho yalipozidi kuachwa bila kutunzwa, hasa katika miaka ya 1990, kazi ya kuua kupe ikahamia nyumbani, juu ya mabega ya mwenye ng'ombe. Kwa hiyo bomba si chombo kidogo tena. Bomba baya ni ndigana kali zizini.

Mabomba yanayouzwa kwetu hutoka viwanda vingi: Solo ni la Ujerumani, Jacto la Brazili, Cooper Pegler la Uingereza, na mengine mengi ni mifano iliyoigwa China na India. Kwa macho yote ni ndugu: tangi, mkanda, mpini, mpira na fimbo. Tofauti zimo ndani. Hata kiwanda kimoja hutengeneza aina mbili. Solo 425 na Solo 475 zote ni za lita 15, na ukiziweka pamoja zitakudanganya. Lakini 425 husukuma dawa kwa pistoni, na 475 kwa kiwambo cha raba. Pistoni hutoa presha kubwa zaidi. Kiwambo huvumilia zaidi dawa za unga zenye chembechembe. Vipuri vya pampu hizo mbili havibadilishani hata kidogo, ingawa fimbo ya moja hufungwa kwenye nyingine. Basi ukimwambia mwenye duka "nataka raba ya Solo" bila kutaja namba, hujamwambia kitu.

Tazama pia hesi, yaani zile nyuzi zilizojipinda ndani ya kifuniko. Viwanda vingine hupima kwa inchi, vingine kwa milimita. Kifuniko cha kigeni kitashika mizunguko miwili kisha kigome. Hapo wengi wetu huchukua koleo. Acha! Plastiki ikishakatwa hesi, hata kifuniko chake cha asili hakitashika tena, na badala ya kununua kifuniko utanunua fimbo nzima.

Tena raba si raba tu. Dawa nyingi za kupe, kama zile za amitrazi, huyeyushwa katika mafuta makali yanayofanya raba ya kawaida ivimbe. Viwanda vizuri hutumia raba inayostahimili, na moja inayosifiwa huitwa Viton. Ya kuigwa yaweza kuwa na upana ule ule na rangi ile ile nyeusi, lakini baada ya siku chache imevimba, mpini unakuwa mzito, na dawa inashuka polepole uti wa mgongo wako huku ukidhani ni jasho. Nunua mbili, chovya moja katika dawa usiku kucha ukiwa umevaa glavu, kisha asubuhi uilinganishe na kavu. Iliyovimba itupe.

Sasa nozeli, na hapa ndipo hasara kubwa ilipo, maana haivuji na hakuna anayeiona. Kwa kanuni ya kimataifa ya rangi, nozeli ya njano hutoa lita 0.8 kwa dakika kwa presha ya bar 3, na nyekundu hutoa lita 1.6. Tuseme ng'ombe wako mkubwa anahitaji lita 5 ili alowe hadi ngozini. Kwa nyekundu utamaliza kwa dakika tatu na kitu. Kwa njano utahitaji zaidi ya dakika sita. Ukibadilisha nyekundu kwa njano na kuendelea na zile dakika tatu ulizozoea, ng'ombe amepata nusu tu, na mahali pasipolowa ni ndani ya masikio na chini ya mkia. Kupe wa kahawia hupenda sikio. Kwa kawaida haambukizi ndigana saa ile ile anaposhika, bali baada ya kunyonya kama siku tatu au zaidi. Kwa hiyo kupe uliyemwacha Jumatatu anayo nafasi ya kutosha kabla hujarudi na bomba wiki inayofuata.

Wala rangi si sheria kwa viwanda vyote. Albuz ya Ufaransa ina nozeli ziitwazo ATR ambazo hufuata rangi zake zenyewe: kwa presha ya bar 5 ya njano hutoa lita 0.73 kwa dakika, na ya machungwa 0.99. Katika kanuni ya kimataifa mambo ni kinyume, machungwa ni nusu ya njano. Anayenunua kwa rangi peke yake anacheza bahati nasibu.

Pima mwenyewe. Tia maji safi, piga mpini kwa mwendo wako wa kila siku, elekeza fimbo kwenye jagi lenye alama, na mwenzako ashike saa kwa dakika moja. Nozeli ya zamani ikitoa zaidi ya mpya kwa sehemu moja katika kumi, imelika, ibadilishe. Kisha chukua rangi ya mafuta, andika ubavuni mwa tangi jina la kiwanda, namba ya aina, na kiasi cha dakika ile moja, ili hata mtoto utakayemtuma dukani asome hapo. Na mpe kipuri cha zamani aende nacho mkononi, kikiwa kimeoshwa kwa sabuni.