Biri za Havana: Umri, Unyevu na Utunzaji

Biri ni sigara nene inayosokotwa kwa majani ya tumbaku peke yake, bila karatasi wala kichujio, na katika nchi zote zinazoitengeneza hakuna iliyopata sifa ya kuishinda Kuba. Wako watu wanaozinunua biri za Kuba kasha kwa kasha na kuziweka miaka mitano, kumi au hata ishirini kabla ya kuzigusa, kwa kuwa jani la tumbaku lililochachushwa huendelea kubadilika ladha na harufu hata baada ya kutoka kiwandani. Jambo hilo ni kweli, lakini limezungukwa na imani nyingi zisizo na msingi, na kubwa miongoni mwazo ni dhana kwamba umri peke yake huifanya biri kuwa bora, ilhali biri ya miaka ishirini iliyotunzwa vibaya haifikii hata ile iliyosokotwa mwaka jana.

Ili kuelewa kinachokomaa ndani ya biri, ni lazima kuanzia shambani. Tumbaku inayosifiwa zaidi nchini Kuba hulimwa katika eneo la Vuelta Abajo, mkoani Pinar del Río, magharibi mwa kisiwa, hususan kandokando ya miji midogo ya San Luis na San Juan y Martínez. Biri moja ina sehemu tatu: majani ya ndani yaitwayo tripa, jani la kuyafunga liitwalo capote, na jani la nje, capa, ambalo hutakiwa kuwa jembamba, laini na lisilo na doa, na ambalo mmea wake hukuzwa chini ya vitambaa vyepesi vilivyotandazwa juu ya shamba zima ili kupunguza makali ya jua. Majani ya ndani nayo hutofautiana kufuatana na mahali yalipokuwa kwenye shina: ya chini, volado, huwaka kwa urahisi, ya katikati, seco, hutoa harufu, na ya juu, ligero, ambayo yamepata jua zaidi kuliko yote, ndiyo yenye nguvu na mafuta mengi. Yakishachumwa, huanikwa mabandani na kukaushwa kwa hewa ya kawaida kwa wiki kadhaa, tofauti na tumbaku ya sigara inayolimwa Tabora, ambayo hukaushwa kwa joto la moto ndani ya bani. Kisha hurundikwa yakiwa na unyevu kiasi, nayo huanza kuchachuka: joto hupanda ndani ya rundo, gesi ya amonia hutoka, na ukali wa jani hupungua. Kazi hiyo ya uchachukaji haikamiliki kiwandani, bali huendelea kwa mwendo wa polepole mno ndani ya kasha la mkusanyaji.

Biri mpya mara nyingi huwa na harufu kali ya amonia, kwa sababu msokotaji huyalainisha majani kwa maji kabla ya kuyakunja, na unyevu huo huuamsha upya uchachukaji uliokuwa umetulia. Wakusanyaji hukiita kipindi hicho kipindi cha ugonjwa, na huepuka kuzionja biri zao mpaka kipite, jambo linaloweza kuchukua miezi au hata zaidi ya mwaka. Mwandishi anayetumia jina la Min Ron Nee, ambaye ensaiklopidia yake kuhusu biri za Havana za baada ya mapinduzi ya Kuba ilitoka mwaka 2003, alikwenda mbali zaidi akaeleza ukomavu kwa hatua kadhaa zinazofuatana, tangu amonia inapokwisha hadi harufu zinapofikia upole wa uzeeni. Si kila biri hustahili safari hiyo yote. Iliyosokotwa kwa majani mengi ya volado na seco hufikia kilele mapema, kisha harufu yake huanza kufifia, wakati yenye ligero nyingi huweza kuhitaji miaka kumi ndipo ukali wake ulainike. Kwa hiyo anayeziweka zote kwa muda mmoja hupoteza nyepesi bila kuzifaidi nzito.

Msingi wa utunzaji ni unyevu wa hewa, ambao hupimwa kwa asilimia, ambapo asilimia 100 ni hewa iliyojaa mvuke kiasi cha kutoweza kubeba zaidi. Biri huhitaji hewa yenye unyevu wa asilimia 65 hadi 70 na joto la nyuzi 18 hadi 21 za Selsiasi, na wengi wanaokusudia kuziweka miaka mingi huchagua kiwango cha chini kidogo cha unyevu ili mabadiliko yaende taratibu. Hewa ikikauka, mafuta yanayobeba harufu hupotea na jani la nje hupasuka. Ikizidi unyevu, majani huvimba, biri huwaka kwa shida na ukungu huingia. Kwa hiyo hutumika kasha maalumu la mbao lenye mfuniko unaobana, na mbao inayopendelewa ni ya mti wa Cedrela odorata, ambao hujulikana kama mwerezi wa Kihispania ingawa si mwerezi hata kidogo, bali ni wa familia moja na mkangazi. Mti huo si mgeni Tanzania, kwani ulipandwa kwa ajili ya mbao na katika msitu wa Kimboza, mkoani Morogoro, umeenea hadi kuisonga miti ya asili. Mbao zake hunyonya na kuachia unyevu bila kujikunja sana, na harufu yake huafikiana na ya tumbaku.

Kifaa cha pili ni kipimaunyevu, na hapa ndipo wengi wanapopotea, kwa kuwa vipimo vingi vya bei nafuu husoma vibaya. Njia ya kukisahihisha ni rahisi na ya kisayansi kabisa: chumvi ya mezani hulowanishwa kwa maji machache mpaka iwe kama tope, huwekwa pamoja na kipimo ndani ya chombo kilichofungwa vizuri, na baada ya saa nyingi hewa ya humo hutulia kwenye asilimia 75, hivyo tofauti yoyote inayoonekana ni kosa la kipimo. Kanuni hiyohiyo ya chumvi ndiyo inayotumika katika vifuko vidogo vinavyouzwa kwa kuwekwa ndani ya kasha, ambavyo hutoa mvuke hewa inapokauka na kuunyonya inapozidi.

Kwa wakazi wa Dar es Salaam, Zanzibar au Mombasa, tatizo kubwa si ukavu bali kinyume chake, kwa sababu hewa ya pwani mara nyingi hupanda juu ya asilimia 75 na joto hukaribia nyuzi 30 au kuzipita. Katika hali hiyo hustawi maadui wawili. Wa kwanza ni ukungu, ambao wapenzi wa biri wamezoea kuusifu kwamba eti ni unga wa mafuta unaothibitisha ukomavu. Dai hilo halipaswi kukubaliwa kirahisi, kwa kuwa unga mweupe unaoota juu ya biri mara nyingi ni kuvu. Wa pili ni mbawakawa mdogo wa tumbaku, Lasioderma serricorne, ambaye pia hushambulia viungo na nafaka ghalani, na ambaye mayai yake huweza kukaa ndani ya jani bila kuonekana hadi joto linapozidi nyuzi 24 hivi, kisha mabuu hutoboa biri moja baada ya nyingine. Dawa inayofahamika ni kuzifunga biri katika mfuko usiopitisha hewa, kuzigandisha kwenye friza kwa siku kadhaa, kuzihamishia kwenye friji kwa siku moja, na hatimaye kuzirudisha ndani ya kasha polepole ili jani lisipasuke.

Mkusanyaji makini huanza kwa kusoma sehemu ya chini ya kasha. Tangu mwaka 1985 makasha ya Kuba yamepigwa mhuri wa kiwanda na tarehe, mwanzoni kwa fumbo la herufi NIVELACUSO, ambamo N ilisimama badala ya 1, I badala ya 2, na kuendelea hadi O iliyokuwa sifuri. Tangu mwaka 2000 mwezi na mwaka huandikwa waziwazi kwa kifupi cha Kihispania, kama ENE kwa Januari au AGO kwa Agosti. Juu ya kasha hubandikwa hati ya dhamana ya serikali, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 1912 kwa sababu ghushi zilikuwa zimekithiri hata zama hizo. Ughushi huo haujakoma, na kasha la bei ya kutupa linalouzwa mtaani Havana ni la kutiliwa shaka daima.

Bei za mnadani zisimpumbaze mtu. Mfano ni wa Rais John F. Kennedy wa Marekani, ambaye Februari 1962 alipiga marufuku biashara na Kuba, baada ya msemaji wake, Pierre Salinger, kumtafutia biri 1,200 za aina ya Petit Upmann, kwa mujibu wa simulizi ya Salinger mwenyewe. Mwaka 1996 kasha la kutunzia biri ambalo Kennedy alipewa na mchekeshaji Milton Berle liliuzwa New York kwa dola 574,500. Fedha hizo zililipia jina la mwenye kasha, na hazisemi lolote juu ya ubora wa tumbaku.

Jambo moja halibadiliki kwa umri wowote: moshi wa biri husababisha saratani za kinywa, koo, umio na mapafu, na hata asiyeuvuta hadi kifuani hupokea nikotini kupitia ngozi laini ya kinywa. Kwa asiyevuta, makala hii si sababu ya kuanza. Kwa aliyekwisha kuamua kukusanya, na anunue kwanza kipimaunyevu, akisahihishe kwa chumvi, aandike kila wiki hali ya chumba chake katika masika na kiangazi, na asinunue kasha la kwanza kabla daftari hilo halijamwonyesha kwamba anapo mahali pa kuliweka.