Vikao vya Malezi ya Watoto Wadogo: Je, Vinafaa?

Sifa zote njema ni za Allah, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.).

Mzazi mmoja wa delta ya Rufiji, upande wa Kibiti, ametuuliza kuhusu vikao ambamo wazazi hufundishwa kucheza na watoto wao wadogo, kuzungumza nao na kuwatia adabu bila kiboko. Kijijini wamemwambia ni mambo ya kizungu.

Jibu letu ni kuwa vinafaa, maadamu hakifundishwi kinachopingana na dini. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilipitia tafiti za nchi nyingi, likashauri wazazi wapatiwe mafunzo haya ili kupunguza ukatili kwa watoto. Nasi hatuko mbali na tatizo hilo. Katika utafiti wa taifa wa mwaka 2009, Zanzibar ikiwemo, karibu vijana watatu katika kila wanne walisema walifanyiwa ukatili wa kimwili kabla ya miaka 18, na wengi walitendewa na jamaa au walimu.

Wanaotetea kiboko hushika Hadithi ya sala. Lakini Hadithi hiyo inataja amri kwa mtoto wa miaka saba, na kupigwa akifika kumi. Katikati ipo miaka mitatu mizima ya kuelekeza kwa maneno, na hata baadaye wanazuoni wameshurutiza kusiwe kwa kuumiza. Mtoto wa miaka mitatu aliyemwaga uji anaingiaje humo? Al-Aqra' bin Habis alipojisifu kuwa ana watoto kumi na hajambusu hata mmoja, Mtume (S.A.W.) alimjibu kuwa asiyehurumia hahurumiwi.

Vikao hupungukiwa pale baba asipokuwepo. Msimu wa mpunga watu wa delta huhamia kwenye madungu kulinda mashamba, na wanaume wengine wako baharini. Kikao cha asubuhi siku ya kazi huwapata akina mama tu. Mama hurudi na elimu mpya, akamkuta baba na bibi na fimbo ile ile. Mkoani Mara watafiti walilipima hili katika vijiji 80: kwingine walialikwa mama peke yao, kwingine mama na baba pamoja.

Kwa hiyo tunashauri vikao viwekwe baada ya sala ya Ijumaa, msikitini au chuoni, Nyamisati na kwetu visiwani. Na walimu wa vyuo tukae humo pia, maana bakora nyingine ni zetu.

Wallahu a'lam.