Saa Janja na Mchezo wa Tenisi

Saa janja haiuoni mchezo. Huukisia kwa vipimo viwili. Kipimamchapuko huhisi mwendo wa mkono na kutambua mapigo ya raketi. Taa ya kijani humulika ngozi; kwa kuwa damu hufyonza mwanga huo, kiasi kinachorudi hubadilika kila moyo upigapo. Lakini mkono ushikao raketi hukaza misuli na kuitikisa saa, na mtikiso huo waweza kuhesabiwa kuwa pigo la moyo. Saa ikivaliwa mkono wa pili, moyo hupimwa vizuri zaidi, ila mapigo mengi ya raketi hayatambuliwi. Basi mwanafunzi na aihakiki saa yake: mara asimamapo, ahesabu mapigo ya moyo kwa vidole kwa sekunde 15, kisha azidishe kwa 4 apate idadi ya dakika moja.