Mshipi, Plaizi na Barafu: Vifaa vya Lazima kwa Anayevua Samaki wa Meno

Anayekwenda dukani kununua vifaa vya kuvulia kwa kawaida huulizia ndoano, kisha mshipi, kisha bei. Ni nadra aulizie plaizi, na barafu haiulizii kabisa. Lakini watu wanaovua kwa ajili ya kitoweo cha nyumbani wanapotuletea maswali yao, si mara nyingi wanauliza habari za samaki aliyeponyoka. Huuliza habari za kidole kilichochanwa, za ndoano iliyozama kiganjani, au za mlo wa jioni ulioishia hospitalini. Kwa maoni yetu, vifaa vinavyostahili kununuliwa kwa uangalifu mkubwa zaidi ni vile vinavyotumika baada ya samaki kunasa.

Makala haya yamewalenga wanaovua kwa mshipi katika pwani yetu, wawe ndani ya ngalawa, juu ya gati au penye mwamba, na hasa wanaowania samaki wa meno: nguru, na mzia, yule samaki mrefu ambaye taya lake la chini hutangulia la juu. Yatakayosemwa kuhusu barafu yanamhusu pia mtu ambaye hajawahi kushika ndoano, bali hununua samaki ufukweni au katika soko la Feri jijini Dar es Salaam na kuwapeleka nyumbani katika mfuko wa plastiki.

Mshipi na maandishi yake

Roli la mshipi wa nailoni huandikwa mambo mawili yenye maana kwa mnunuzi: unene wake kwa milimita, na uzito unaoweza kuukata. Uzito huo huandikwa kwa kilo au kwa paundi, na hapa ndipo wengi hukosea. Paundi moja ni takriban gramu 450 tu, kwa hiyo mshipi ulioandikwa 20 kwa paundi hauzidi kilo 9. Muuzaji anayesema "huu ni wa ishirini" hajasema lolote mpaka ataje ishirini ya nini.

Maandishi nayo si ushahidi kamili. Mwenzetu mmoja ofisini alinunua roli lililodai kubeba kilo 15. Nyumbani alifunga kipande chake kwenye mizani ya kuning'iniza, na kikakatika kabla mshale haujafika 8. Jaribio hilo ni rahisi, na tunamshauri kila mnunuzi alifanye kabla ya kwenda baharini. Zungushia mwisho mmoja wa mshipi kwenye kijiti, wala si mkononi, funga mwisho wa pili kwenye mizani, kisha vuta polepole huku uso ukiwa umeelekezwa pembeni. Kumbuka kwamba fundo hupunguza nguvu ya mshipi, na fundo lililokazwa likiwa kavu huipunguza zaidi, kwa sababu msuguano huzalisha joto linaloiunguza nailoni. Fundo hulowanishwa kwanza, ndipo hukazwa. Ikiwa tofauti kati ya maandishi na mizani ni kubwa mno, kosa si la fundo. Rudi dukani na stakabadhi yako pamoja na roli lenyewe.

Jua pia huidhoofisha nailoni. Roli lililoning'inizwa mlangoni mwa duka kwa miezi, likipigwa na jua tangu asubuhi, si sawa na lile lililo ndani ya boksi, hata kama bei ni moja. Omba la ndani.

Baina ya mshipi na ndoano pawe na kipande cha waya. Meno ya mzia na nguru hukata nailoni kama wembe, na samaki huenda zake na ndoano mdomoni, hasara kwa mvuvi na mateso kwa samaki. Waya wa chuma kisichoshika kutu, wenye urefu wa sentimita 30 hadi 50, hutosha kwa mvuvi wa kawaida. Uunganishwe na mshipi kwa kiungo kinachozunguka, ili mshipi usijisokote. Waya uliofumuliwa kutoka kebo kuukuu ya breki hauna gharama, lakini huliwa na kutu kwa ndani, mahali jicho lisipofika.

Kuhusu chubwi tuna neno moja, na tunalisema kwa mkazo. Chubwi nyingi hutengenezwa kwa madini ya risasi, ambayo ni sumu, na mtoto ndiye anayeathirika zaidi, kwa kuwa huharibu ubongo unaoendelea kukua. Usiikaze chubwi kwa meno. Usiiache ndani ya sufuria ya chambo ambayo kesho itapikiwa. Na usiyeyushe risasi ya betri kuukuu za gari jikoni au uani ili kujitengenezea chubwi; moshi na vumbi lake hubaki sakafuni, na mtoto anayetambaa huvipeleka mdomoni. Jiwe lililofungwa vizuri hufanya kazi ileile.

Samaki anapofika chomboni

Usizungushe mshipi mkononi hata kama samaki anaonekana mdogo. Nguru akigeuka ghafla hukimbia kwa nguvu inayoweza kuukata mshipi mpaka kwenye mfupa wa kidole, na mishipi ya kusukwa ni mikali kuliko nailoni ya uzi mmoja. Kipande cha tyubu ya baiskeli kilichovishwa kidoleni, au glavu ya kitambaa kigumu, hukinga sehemu kubwa ya hatari hiyo.

Plaizi inayofaa ni ile yenye mdomo mrefu na mwembamba, inayoweza kuifikia ndoano iliyoingia ndani huku vidole vikibaki nje. Bei yake ni ndogo ukiilinganisha na nauli ya kumpeleka mtu hospitali ya wilaya. Itafutwe iliyo na sehemu ya kukatia waya, kwa sababu ipo siku njia salama pekee itakuwa kukata. Baada ya safari ioshwe kwa maji baridi yasiyo na chumvi na kupakwa mafuta kidogo, la sivyo baada ya mwezi haitafunguka.

Samaki wa kuliwa apigwe kichwani kwa rungu dogo mara anapoingia, kisha mishipa ya damu penye matamvua ikatwe ili damu itoke. Hilo si ukatili. Samaki anayetapatapa kwa muda mrefu huumiza watu waliomo chomboni, na mwili wake hupata joto linaloharakisha kuharibika kwa nyama. Baada ya hapo ashikwe nyuma ya kichwa kwa glavu iliyolowa, na kidole kisiingizwe mdomoni hata akiwa ameshakufa. Meno hayafi pamoja na mwenyewe. Asiyetakiwa aachwe akiwa majini: waya ukatwe karibu na ndoano au ndoano itolewe kwa plaizi, na mikono inayomgusa iwe imelowa, maana mkono mkavu humwondolea ute unaomkinga na magonjwa.

Kwenye mshipi huohuo hupanda pia samaki ambao hawakutafutwa. Tasi ana miiba yenye sumu katika mapezi, hongwe vilevile, na taa ana mwiba mkiani. Aliyechomwa atumbukize sehemu iliyochomwa katika maji ya moto yanayovumilika, yapatayo nyuzi 45 za Selsiasi, kwa muda wa nusu saa hadi saa moja na nusu. Maji hayo yapimwe kwanza kwa mkono ambao haujaumia, kwani mkono wenye maumivu makali hautambui kwamba unaungua. Mwiba wa taa ulioingia kifuani, tumboni au shingoni usichomolewe. Mgonjwa afikishwe hospitali ukiwa palepale ulipo. Na bunju, samaki anayejijaza kama puto, arudishwe baharini. Sumu yake huua, na hakuna namna ya kupika inayoiondoa.

Ndoano ikizama mwilini, usiivute kurudi ilikotoka, kwa sababu kijimwiba chake kitachana nyama njia nzima. Kata mshipi, funika jeraha kwa kitambaa safi bila kuigandamiza ndoano, uende kituo cha afya. Iliyo karibu na jicho isiguswe kabisa. Majeraha ya baharini ni machafu kuliko yanavyoonekana, kwa hiyo mweleze mhudumu ni lini ulichanjwa mara ya mwisho dhidi ya pepopunda. Ikiwa imepita miaka 5, au hukumbuki, huenda ukahitaji chanjo nyingine. Jeraha linalovimba na kuuma zaidi saa hadi saa lisisubiri kesho.

Barafu ni kifaa cha uvuvi

Tumefika kwenye jambo lililotufanya tuandike. Nguru, jodari, sehewa na vibua wana asilia ndani ya nyama yao kemikali ambayo bakteria huigeuza kuwa histamini samaki anapokaa katika joto. Histamini ikishatokea haitoki. Kukaanga hakuiondoi, kuchemsha hakuiondoi, kugandisha hakuiondoi, wala chumvi na jua havimtakasi samaki ng'onda aliyeanikwa akiwa amekwisha kuharibika. Samaki huyo anaweza kuwa na macho maangavu na asitoe harufu mbaya. Viwango vya kimataifa vya Codex vinaweka kikomo cha usalama cha miligramu 200 za histamini kwa kilo moja ya samaki wa aina hiyo, lakini mama aliyesimama mbele ya jiko lake hana chombo cha kupimia. Kinga aliyo nayo ni baridi, na baridi hiyo ianze chomboni.

Dalili huanza ndani ya dakika chache hadi saa chache baada ya kula: mdomo kuwaka kama uliotiwa pilipili, uso na kifua kupata joto, kichwa kugonga, moyo kwenda mbio, mwasho, pengine kutapika na kuharisha. Vitabu vingi hutaja uso kuwa mwekundu. Kwa ngozi nyeusi wekundu huo hauonekani kwa urahisi, hivyo uliza juu ya joto na mwasho. Wengi hudhani wamepata mzio wa samaki, wakajinyima samaki maisha yao yote bila sababu. Ukiona watu wawili au watatu waliokula sahani moja wameugua kwa pamoja, dhania samaki kwanza kabla ya kudhania mzio.

Kwa joto la pwani yetu, kilo moja ya samaki huhitaji takriban kilo moja ya barafu. Anayetarajia kilo 5 aondoke na kilo 5, ndani ya sanduku lenye mfuniko linalozuia joto, lililofunikwa kwa gunia lililolowa. Barafu iliyopondwa hupoza haraka kuliko bonge, kwa sababu humgusa samaki pande zote, na barafu iliyochanganywa na maji safi ya bahari hupoza haraka zaidi. Samaki mkubwa atolewe matumbo na matamvua, na tumbo lake lijazwe barafu. Tunafahamu kwamba barafu ina bei, na kwamba mahali pengine haipatikani alfajiri ngalawa zinapoondoka. Asiye nayo avue karibu, arudi mapema, na ampike samaki wake mchana huohuo badala ya kumngoja mgeni wa usiku.

Mnunuzi naye amuulize muuzaji swali moja: samaki huyu alivuliwa lini, na tangu hapo alilala wapi? Nguru aliyepangwa juu ya meza kwenye jua tangu saa mbili asubuhi hasalimiki kwa kuwekwa kwenye friji saa nane mchana.

Kwa mzia mkubwa pana hatari ya pili, iitwayo sigwatera, inayofahamika katika visiwa vya Bahari ya Hindi kama vile Mauritius na Réunion. Sumu yake huanzia kwenye mimea midogo ya miambani, huingia kwa samaki wanaoila mimea hiyo, kisha hujikusanya ndani ya samaki wakubwa wanaowala hao. Haina harufu wala ladha, na moto hauiondoi. Huleta kutapika, ganzi ya midomo na vidole, na hali ya ajabu ambayo kitu baridi huhisika kama kinaunguza. Kwa sababu hiyo tunashauri mzia mdogo achaguliwe kuliko mkubwa, na kichwa, ini na mayai ya mzia yasiliwe.

Mtu akiugua baada ya kula samaki, mpelekeni kituo cha afya, na ikiwa anapumua kwa shida msisubiri hata kidogo. Mwelezeni mhudumu aina ya samaki, saa aliyoliwa na idadi ya waliokula. Kipande kilichobaki, kibichi au kilichopikwa, kisitupwe wala kisipewe paka. Kifungeni katika mfuko safi, kiwekeni penye barafu, na mkifikishe kwa afisa wa afya wa kata pamoja na jina la mahali mliponunua.