Mkato Katika Daftari la Kompyuta



Baadhi yenu mmenung'unika kwamba daftari letu la kompyuta lina mistari mingi mno: aliyeleta karafuu mara tatu huandikwa mara tatu. Mwasema ni kazi bure. Tunaomba mtuvumilie tueleze.

Tuvuke bahari twende Tinde, mkoani Shinyanga, pale barabara inapogawanyika, moja ikielekea Kahama na nyingine Nzega. Huko wanalima pamba. Tuseme karani wa chama cha msingi, kwa kutaka wepesi, anaandika mizigo yote ya mkulima katika chumba kimoja, akiitenga kwa mkato: 310,1,250,95. Yeye ajua maana yake: kilo 310, kilo 1,250 na kilo 95, jumla 1,655. Lakini kompyuta haina akili ya karani. Ikiambiwa ikate penye mkato, itapata mizigo minne: 310, 1, 250 na 95. Jumla 656. Kilo 999 zimekwenda, wala hapana mwizi wa kumkamata.

Hata mkato wa maelfu ukiachwa, dhiki haiishi. Namba za mashamba zikiandikwa 3,13,30, ukitafuta tarakimu 3 utaletewa na la 13 na la 30, kwani 3 imo mote. Na tarehe za mizigo je? Karani hufungua chumba cha pili chenye mfuatano wake. Siku mzigo mmoja ukikosa tarehe, zote zinazofuata zinahamia mzigo usio wao. Hilo ndilo tunalolichukia zaidi, kwa sababu halionekani mpaka siku ya malipo.

Mambo haya yalikwisha fikiriwa zamani. Mwaka 1970 Edgar Codd, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi IBM huko Marekani, alitoa makala iliyoweka msingi wa madaftari ya namna hii, akataka kila chumba kiwe na kitu kimoja tu.

Kwa hiyo wanachama wana daftari lao, mashamba lao, na mizigo lao. Kila mzigo una mstari wake: namba ya mwanachama, namba ya shamba, tarehe, kilo. Kujumlisha ni kazi ya kompyuta. Mkato tunauruhusu katika maelezo tu, kama vile "mvua, njia mbaya", ambayo hakuna atakayeyahesabu.

Basi mletapo karafuu, kilo za maelfu ziandikwe bila mkato: 1250. Ukimwona karani anabana mizigo miwili katika chumba kimoja, mzuie kabla hujatia saini.